Saini ya Pembe

Ghorofa ya pili, nyuma ya Mnara wa Saa,
juu ya duka la vitenge na fundi wa simu,
nina meza, taa ya manjano, kitambaa cha pamba,
na mashine fupi kama kipande cha sabuni ya mche.
Ndani yake mna mche mwingine, wa kioo.
Kazi yangu ni kuyauliza mawe yanapinda mwanga kiasi gani.
Hayadanganyi. Wanaoyaleta ndio.

Leo amepanda Mama Ndetaulwa wa Usa River,
nyuma yake Lomnyaki dalali, kofia mkononi,
heshima ambayo kwa kawaida huiacha chini ya ngazi.
Mama akafungua kanga, ndani ya kanga leso,
ndani ya leso pamba ya dawa, na kwenye pamba
samawati nzito, kama wino uliosahauliwa kidauni.

"Marehemu alitoka nalo Mirerani, kwenye soli ya kiatu.
Mwaka wa kumi na nne huu, linalala kwenye pipa la ulezi."

"Dada Elinuru," akadakia Lomnyaki, "sisi shida yetu saini tu."

Saini.
Moshi, kidato cha tatu, Mwalimu Kisamo
alitugawia pini nne, ubao laini, bonge la kioo.
Hamisheni jicho, akasema, polepole,
mpaka pini ya nyuma itoweke.
Ikatoweka. Nikapiga yowe, darasa zima likageuka.
"Haijaenda popote, binti.
Mwanga umefika pembe yake ya ukomo;
ongeza unywele mmoja, hautoki tena, unarudi ndani.
Haya, pima pembe, uniandikie saini yake."
Nikaandika jina langu, kwa madaha, na mkia chini.
Walinicheka hadi kengele ya uji.

Nadondosha tone, linanuka kiberiti,
nalilaza jiwe kifudifudi juu ya mche.
Kioo cha mashine ni moja nukta nane.
Tanzanaiti, yenye moja nukta sita tisa,
ingeusogeza ukomo karibu na digrii sabini,
na ukiizungusha, mstari ungetikisika, ukawa miwili,
maana jiwe lile lina njia mbili za kupitisha mwanga.

Nachungulia.
Mwanga uliopenya umekwenda zake bila kuaga,
umeacha giza.
Uliokataliwa ndio umerudi kutoa ushahidi.
Mpaka wao: moja nukta tano mbili.
Nagawa kwa moja nukta nane, kikokotoo kinajibu
sifuri nukta nane nne nne,
yaani digrii hamsini na saba, na nusu, na chembe.
Nalizungusha. Mstari umetulia tuli.
Nalizungusha tena, mara ya tatu, kwa ajili ya mama huyu,
kana kwamba hesabu huona haya.

"Ni chupa, mama."

Lomnyaki akavaa kofia.
"Mashine nazo huchoka. Wewe tia saini, mengine niachie,"
na noti mbili zikateleza chini ya kikokotoo.
Nikazirudisha kwa ncha ya kibano.

Mama hakulia. Aliomba naye achungulie.
Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akakaa hivyo
mpaka nikasikia cherehani ya jirani ikimaliza pindo.
"Huo mstari ndio jina lake?"
"Ndio."
"Basi niandikie. Namba zote, usipunguze.
Wanangu watatu hawasalimiani kwa ajili ya hili.
Mkubwa kabadilisha kitasa cha stoo. Mdogo kanishtaki kwa balozi.
Nataka karatasi ya kubandika mlangoni."

Nikaandika: kioo, samawati, kipimo cha mpindo 1.52.
Nikaandika na pembe, ingawa cheti hakiiulizi.
Chini yake jina langu, na mkia wake.
Alilipa elfu ishirini, noti zinazonuka ulezi,
na kwenye ngazi akacheka, mara moja tu, peke yake.

Naufuta mche. Kiberiti hakitoki vidoleni.
Lomnyaki bado yuko mlangoni, anapapasa mfuko wa shati.
"Mimi ninalo moja," anasema, "la kwangu mwenyewe.
Lakini hilo usilipime."